Kununua boti katika jiji lisilo na bahari

Je, msomaji, umewahi kukwama kwenye msongamano wa magari katika barabara ya Ngong, ukageuza shingo na kuona boti? Sisemi picha ya boti kwenye bango la matangazo. Boti yenyewe, nyeupe, ndefu kuliko matatu uliyoipanda, ina kijumba chenye madirisha na vitanda ndani, imelazwa juu ya trela na kuvutwa polepole na Land Rover kuukuu kuelekea Karen. Makanga aliyekuwa akiita abiria hunyamaza. Watoto hupiga mayowe. Na mzee aliyeketi kando yako husema kile ambacho kila mtu anakifikiria: "Hii nayo inaenda kuogelea wapi?"

Swali la mzee lina haki yake. Jiji letu liko yapata kilomita 480 kutoka Mombasa, na karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, lakini nani leo atauamini mto wetu kumbebea hata bata? Kwa wengi tuliokulia hapa, safari ya kwanza ya majini ilikuwa kwenye kidimbwi cha Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Baba alilipia boti ya kukodi, mama akakataa katakata kupanda, nasi tukazunguka mara mbili na kurudi nyumbani tukijiona manahodha.

Hata hivyo boti za kujivinjari zinauzwa Nairobi. Ziko nyuma ya nyua za Karen na Lavington, zimefunikwa turubai, kuku wanalala chini yake. Wenyewe walizinunua walipokuwa na nguvu, wakawa wanazivuta hadi Naivasha Ijumaa jioni au kuzipeleka Kilifi wakati wa Krismasi. Kisha watoto wakakua wakaenda ng'ambo, mgongo ukaanza kuuma, au mwenye boti akafariki na kumwachia mjane kitu asichojua hata pa kukishikia. Basi tangazo hubandikwa kwenye ubao wa duka kubwa, kati ya tangazo la mbwa na la yaya anayetafuta kazi: boti, injini mbili, vitanda vinne, choo na jiko, bei ya kuelewana.

Tangazo la namna hiyo ndilo lililomnasa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mwaka aliostaafu. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimetua benki na kila jamaa alikuwa na shauri la kukitumia. Yeye alikuwa na lake. Angeinunua boti ile, aipeleke Naivasha, awe anabeba watalii Jumamosi na Jumapili. Siku za likizo familia ingelala humo humo. Watoto walikuwa wameshaitafutia jina. Mwenye boti alitaka Sh2.4 milioni, na shemeji alikuwa ameshatoa arabuni ya Sh200,000 kabla ya kumweleza mtu yeyote. Dada hakusema neno. Sisi tunaomjua tunajua kwamba huo si ukimya mzuri. Alinipigia simu usiku akaniambia, "Kaka, nenda naye Karen. Wewe hicho chombo bado hujakipenda."

Basi twende pamoja, msomaji, kwa maana huenda siku moja tangazo kama hilo likakunasa wewe au mzazi wako.

Panda nambari 111 pale Railways. Ukishapita Prestige na Adams Arcade utaanza kuziona yadi za magari, zimejipanga hadi karibu na Dagoretti Corner: magari ya mtumba kutoka Japani yameoshwa yakametameta, mengine yamefungwa utepe kama bibi harusi. Barabara hii imetufundisha watu wa Nairobi kununua kitu kilichotumiwa na mwingine. Hata mwanafunzi wa chuo anajua kuuliza kilomita, kutazama kama rangi ya mlango inalingana na ya boneti, na kukumbusha kwamba sheria hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingia nchini. Ujuzi huo ni mzuri. Taabu ni kwamba unampa mtu ujasiri asiostahili anapofika mbele ya boti. Njia nzima shemeji alikuwa akiniambia, "Shemeji, hii ni kama gari tu. Tofauti ni magurudumu."

Tulishuka Karen tukatembea. Turubai ilipovutwa, nakiri hata mimi nilisisimka. Boti ilikuwa na urefu wa futi 26. Ndani ya kijumba mlikuwa na viti vya rangi ya maziwa, jiko la vichwa viwili, na harufu ile ya gari jipya ambayo siku hizi huuzwa kwa chupa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwahi kuona kibaya kilichopigwa polishi.

Jambo la kwanza la kutazama ni umri, na hautausoma usoni. Boti yaweza kuwa na miaka 30 na iking'aa kama ya jana. Nenda nyuma, upande wa kulia wa tezi, karibu na juu, utafute nambari iliyochongwa au kugandishwa kwenye bodi yenyewe. Kwa boti zilizotengenezwa Marekani ni herufi na tarakimu 12. Tatu za kwanza zinamtaja mtengenezaji, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Zile za Ulaya hutanguliwa na herufi mbili za nchi. Iandike nambari hiyo kwenye karatasi, kwa sababu utaihitaji tena mjini. Kama mahali pake pamepakwa rangi nene au pamekwaruzwa, rudi ukapande matatu.

Kisha gongagonga. Chukua nyundo ndogo ya mbao au mpini wa bisibisi, uipige boti polepole kuanzia omo hadi tezi kama daktari anayepima kifua. Faibaglasi nzima hulia kavu na kali. Iliyooza ndani hutoa mlio mzito, kama kugonga boga. Malengelenge chini ya bodi ni maji yaliyopenya. Mahali pabaya zaidi hapaonekani kabisa: ni yale mataruma ya mbao yaliyozikwa chini ya sakafu, na ule ubao wa tezi unaobeba uzito wa miguu ya injini. Maji ya mvua yakiingia kwa tundu moja la skrubu na boti ikakaa chini ya turubai miaka mitano, mbao hugeuka uji huku nje kukiwa bado kunang'aa. Karen inanyesha sana, na turubai ya bluu inazuia jua kuliko inavyozuia mvua. Tuliinua kifuniko cha ngama na tukakuta maji ya kina cha vidole vinne. Mwenye boti alisema ni ya kuoshea. Tukayaacha hayo.

Sasa injini. Katika boti nyingi za aina hii injini mbili za petroli hukaa ndani, chini ya sakafu ya nyuma, na kila moja ina mguu unaotokea tezini wenye rafadha, ile ambayo vijana huiita propela. Ukiinua kifuniko utashangaa, kwa maana mara nyingi ni injini ya V8 ya gari la Kimarekani iliyovishwa nguo za baharini. Hapo ndipo shemeji alinitazama kwa ushindi: "Si nilikwambia ni gari?"

Lakini gari hujipoza kwa rejeta, na boti hujipoza kwa maji inayoyanyonya kutoka chini yake. Ukiiwasha nchi kavu bila maji, pampu yake ya mpira huungua upesi na injini huanza kujipika. Kwa hiyo mguu huvishwa vikombe viwili vya mpira vilivyounganishwa na bomba la maji. Na siku ile, kama ilivyo siku nyingi jijini, mfereji ulikuwa mkavu. Ikabidi kijana atumwe kuleta mkokoteni wa mitungi, maji yakamiminwa kwenye pipa. Tukanunua maji ili tujue kama boti inaweza kuishi majini. Nilicheka peke yangu.

Zikawashwa. Zote mbili zilitoa moshi mweusi kidogo. Mwenye boti, ambaye alikuwa mtu mpole na mwenye jibu la kila kitu, alisema ni hewa ya Nairobi. Na hapo hakusema uongo. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi ni kama sehemu moja kwa sita imekwenda. Naivasha, iliyo karibu mita 1,890, ni zaidi kidogo, na Ziwa Victoria, mita 1,134, ni karibu sehemu moja kwa tisa. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Kilifi humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi huwa mweusi. Hata rafadha inayofaa pwani yaweza kuwa nzito mno Naivasha.

Basi kila kasoro ikawa inatupiwa hewa. Injini inachelewa kushika? Hewa. Inatetemeka? Hewa. Inatoa moshi mweupe? Hewa hiyo hiyo. Hapo, msomaji, ndipo nilipogundua faida ya injini mbili ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia. Ni mashahidi wawili. Zimezaliwa siku moja, zimekaa boti moja, zimenyweshwa petroli ya tangi moja, zinavuta hewa moja. Kama ni hewa ya Nairobi, itaziumiza zote mbili sawasawa. Lakini moshi mweupe ulikuwa ukitoka upande wa kushoto peke yake, na haukukoma hata injini ilipopata moto. Hiyo haikuwa hewa. Hayo yalikuwa maji yanayoingia mahali pasipo pake.

Kwa hiyo usiulize tu kama injini inafanya kazi. Ziulizie zote mbili maswali yale yale, uandike majibu bavu kwa bavu: saa zilizotumika kwenye geji, rangi ya oili, muda wa kuwaka zikiwa baridi, joto, na kompresheni ya kila silinda. Katika injini moja, silinda hazifai kutofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Geji ya kupimia si kitu cha ajabu. Fundi yeyote wa maana anayo, na kazi yenyewe haizidi saa moja. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji geji yoyote.

Shemeji alikuwa amekuja na fundi wake kutoka barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Simdharau fundi wa Grogan. Mtu anayeweza kukata gasketi kwa nyundo juu ya goti lake si mtu wa kudharauliwa, na beringi za trela ya boti utazipata kule kwa bei nzuri kuliko kwingine. Lakini dada, kwa hekima yake, alikuwa amemtuma mtu wa pili: mzee mzaliwa wa Lamu anayeishi Kawangware, aliyefanya kazi ya boti miaka mingi kabla ya kufuata watoto wake bara. Hakusema mengi. Aliingia tumboni mwa boti, akakaa huko kitambo, kisha akatoka akiipangusa mikono. "Mzee wangu," alimwambia shemeji, "altaneta ya kushoto ni ya gari. Na stata pia."

Fundi wa Grogan alicheka akasema si zinaingia vizuri? Zinaingia, kweli. Tatizo ni cheche. Altaneta na stata za gari hutoa cheche ndogo ndani yake, na kwenye gari si neno kwa sababu chini ya boneti kuko wazi na upepo unapita. Kwenye boti injini zimefungiwa ndani ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ukivuja haupandi juu ukaenda zake. Hutulia chini ngamani ukisubiri. Vifaa vya boti hutengenezwa vikiwa vimezibwa ili cheche isitoke nje, ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ndiyo maana kuna feni ya kufukuza mvuke inayopaswa kuwashwa dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo. Feni ya boti ile ilikuwa imekatwa waya. Mzee wa Lamu alionyesha kwa kidole vile vitanda vinne vilivyo mbele ya shimo la injini, hakuongeza neno.

Tulirudi mjini kwa njia ya Langata, kila mtu na mawazo yake. Ukipita huko tazama upande wa kushoto kabla hujafika Mbagathi, utaona uwanda wa majani ya kijani kibichi kando ya Kibera. Hilo ndilo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 ili kuwekea jiji akiba ya maji. Palikuwa na klabu ya mashua hapa, na matanga meupe yalionekana Jumapili. Kisha maji taka yakaingia, gugumaji likafuata, na leo mtu akikuonyesha asingekwambia ni bwawa ungedhani ni shamba. Kama lingekuwa safi, mnunuzi wa boti wa Nairobi angeijaribu hapo kwa nauli ya matatu. Kwa kuwa si safi, maji ya karibu ya kuipimia ni Naivasha, kilomita 90 hivi, na gharama ya kuivuta ni kisingizio ambacho muuzaji hukitumia vizuri sana.

Tuzungumzie pesa kidogo, kwani bei ya boti ndiyo sehemu ndogo. Injini ya petroli yenye nguvu za farasi 200 ikienda kasi yote hunywa karibu lita 75 kwa saa. Mbili ni lita 150. Ukikadiria Sh180 kwa lita, saa moja ya kujivinjari ni Sh27,000, na hujalipa nahodha. Unaweza kupunguza mwendo na kupunguza gharama, lakini boti ya aina hii imetengenezwa kupanda juu ya maji, na ukiiendesha polepole sana hulima tu. Watu husema injini mbili ni usalama, moja ikizima nyingine itakurudisha. Ni kweli nusu. Ikiwa zote zinanyonya tangi moja na petroli yake ni chafu, zitazima pamoja, umbali ule ule kutoka ufukoni.

Halafu kuna karatasi. Trela ni gari mbele ya sheria, ina namba yake inayoanza na Z, na umiliki wake huhamishwa kwa NTSA kama gari lolote. Ikiwa boti ni pana kuliko kiwango kinachoruhusiwa barabarani, itahitaji kibali cha KeNHA kabla ya kuvutwa. Kwa boti yenyewe, dai stakabadhi ya ushuru. Ukiwa na shaka, chukua ile nambari ya tezini uende Times Tower, barabara ya Haile Selassie, kwa watu wa KRA. Boti iliyoingia kimyakimya itakuwa na deni, na deni hilo hufuata chombo, halimfuati aliyekuuzia. Kisha ipo mamlaka ya bahari, KMA, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na yenye makao makuu Mombasa. Hao ndio hukagua vyombo vidogo na kuvipa vyeti, na kazi yao haiishii baharini, inafika kwenye maziwa pia. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo bila cheti anajitafutia kesi, na kesi ndiyo afueni yake.

Nasema hivyo kwa sababu ya Novemba 24, 2018. Jioni hiyo boti ya starehe iitwayo MV Templar ilipinduka katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, wilayani Mukono, ikiwa imejaa vijana waliokwenda kucheza muziki na kula nyama. Zaidi ya watu 30 walifariki, na ufuo haukuwa mbali. Wakuu wa huko walisema boti ilikuwa mbovu, haikuwa na leseni, na ilikuwa imebeba watu kupita kiasi.  Ilikuwa boti ya starehe yenye watu wenye furaha.

Nilimsomea shemeji habari hiyo. Akasema tuipeleke Naivasha, maji yaamue. Hilo lilikuwa neno la busara la kwanza tangu tangazo lile, nami nilikubali. Muuzaji alikubali pia, kwa sharti kwamba sisi tulipe gharama ya kuivuta na petroli. Fundi wa Lamu alitengeneza waya wa feni na kubadilisha altaneta na stata kwa za kuazima kabla hatujaingia majini.

Asubuhi ziwa lilikuwa tulivu. Tulikuwa watu wanne, majaketi ya kuokolea yalikuwa matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa la mtoto. Nilipanda bila jaketi. Nilikosea, na nakiri hapa mbele yako. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, shemeji kashika usukani kama aliyezaliwa Pate. Kisha fundi akamwambia afungue zote mbili hadi mwisho na ashikilie. Geji ya joto ya kulia ilipanda ikatulia. Ya kushoto ilipanda, ikapita, na ikaendelea. Tuliizima kabla haijajiua. Kufikia hapo upepo wa mchana wa Naivasha ulikuwa umeanza, na boti ikisukumwa na injini ya kulia peke yake ilitaka kuzunguka kushoto wakati wote. Usukani ukawa mzito. Tulirudi kwa mwendo wa baiskeli mbovu, mawimbi yakitupiga ubavuni, viboko wakitutazama kutoka kwenye matete. Hakuna aliyezungumza mpaka kamba ilipofungwa gatini.

Muuzaji alishusha bei papo hapo hadi Sh1.6 milioni. Shemeji aliyumba, nilimwona. Usiku alimweleza dada habari yote, na bei mpya, na namna injini inavyoweza kufunguliwa na kutengenezwa kwa muda wa mwezi mmoja. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Baba Njeri, watoto watakaa upande wa injini gani?"

Arabuni ilirudi, ikikatwa gharama ya mitungi ya maji, kwa sababu moja tu: siku aliyoitoa, shemeji alikuwa ameandika kwenye karatasi ya daftari kwamba ni ya kurudishwa boti ikishindwa majini, wakatia sahihi wote wawili na mashahidi wawili. Iliwachukua wiki tatu, lakini ilirudi. Kama unatoa arabuni ya kitu chochote jijini humu, msomaji, kopa kalamu.

Mwezi uliopita tulipita kule Karen tukienda kwenye mazishi Ngong. Turubai imechanika upande mmoja na magurudumu ya trela yamekaa bila upepo. Ubao mpya umetundikwa langoni: boti, vitanda vinne, injini mbili, bei ya kuelewana. Shemeji alipunguza mwendo wa gari akatazama, halafu akaongeza.